Bunduki ya Kilima cha Pili

Kanyamibwa alichoma tundu la mwisho kwa msumari wa moto, akalipuliza, akaliangalia, hakuridhika. Bunduki kubwa aliyoiona mara moja juu ya lori la askari, barabara ya Mubi, ilikuwa na mdomo wenye matundu pande zote mbili. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiichonga kwa mti, huku akisimama kila mara kwenda kuchungulia kilima cha pili.

Kule, juu ya kijito, bunduki ya kweli ilikuwa imewaelekea yeye na wafugaji wenzake. Tangu ilipotokea, hakuna aliyethubutu kuteremsha ng'ombe kunywa maji. Walilamba madimbwi. Maziwa yalikauka, ndama mmoja akafa, na Kanyamibwa, mtu wa kucheka siku zote, sasa hakai wala halali.

"Papa Honoré, hii njo bunduki ao mutwangio?" mkewe, Uwizeye, alimuuliza.

"Na ile ya kule unaionaje?"

"Ya kule iko ya kweli. Mvua ikinyesha, banaifunika na bashi ya plastiki. Nani anafunikaka muti?"

Kanyamibwa akarudi kazini. Alipaka masizi yaliyochanganywa na samli, akafunga miguu miwili ya mbele, akaning'iniza mkanda wa ngozi wenye magunzi ya mahindi mahali pa risasi, maana ile ya lori ilikuwa ya kufyatua mfululizo. Kisha akaitupia begani.

"Weka chini!" Uwizeye akafoka. "Ile kitu inatoboa moteri ya kamyo ya askari, na wewe unaibeba sawa jembe? Ita banaume. Mubebe bane, na mulie."

Wakaibeba wanne hadi kilele cha kilima chao, mbele ya macho ya ng'ambo, wakipanda na kuguna kwa aibu. Gakwaya, jirani yao, alitia chumvi, akajiangusha kabisa.

Kesho yake kitambaa cheupe kilipungwa kijitoni. Alikuwa Mama Joséphine-Marie, kiongozi wa kwaya ya vilima vyote viwili, na nyuma yake Munyakazi, mkulima wa kilima cha pili. Kanyamibwa aliteremka.

"Tuliiweka sababu ng'ombe yenu ilikula maharagi yetu," Munyakazi alisema, macho hayatulii. "Sasa na nyinyi mumeleta. Bamama banaogopa kushuka kwa shamba. Kaka, tutoe zote mbili."

"Tutoe!" Kanyamibwa akadakia. Moyo ulimruka kwa furaha.

"Vizuri," Mama Joséphine-Marie akasema. "Lakini kila mutu apande, aguse ya mwenzake, aone namna banaifungua."

Furaha ikayeyuka. Wakiigusa tu, watacheka. Wakimaliza kucheka, watafyatua yao, na ng'ombe hawatakiona tena kijito.

"Mama, haina lazima," Munyakazi alisema. "Yetu iko na risasi ndani. Iko hatari."

"Yetu vilevile!" Kanyamibwa akaunga mkono haraka. "Hatari sana!"

Mama hakuwasikiliza. Aliwatangulia kupanda kwa Munyakazi, sketi ameikunja mkononi. Kanyamibwa alimfuata akitokwa jasho, akitunga uongo wa kwenda kusema upande wake, kila uongo ukimharibikia njiani.

Walipofika juu Kanyamibwa aliinua mikono kama anayesalimu amri, hata kabla ya kuambiwa. Kisha akaiona vizuri.

Pembeni ya mdomo wake mweusi, bunduki ya Munyakazi ilikuwa imechipua majani mawili mabichi.