Kicheko cha Gati la Marlsea

Saa tatu asubuhi Hilda Sowerby alikuwa ameshasimama gatini, mbele ya Baharia Mcheshi, ile mashine ya sanamu inayocheka, ufunguo mkononi. Akasema baharia aende kwenye vyuma chakavu, na lori lije upesi kabla mvua haijaanza.

Bwana Cuthbert Pilling, mwenyekiti wa chama cha historia ya mji, nusura aangushe kikombe chake cha chai.

"Bi Hilda, jamani! Huyu ni urithi wetu. Jumamosi anaingia makumbusho. Meya mwenyewe anakuja kumtilia sarafu ya peni."

"Mchukueni Meya mkamweke makumbusho. Huyu ni wangu."

Na kweli alikuwa wake. Mumewe Norman alikuwa fundi wa baharia huyo kwa miaka thelathini na minne. Kampuni ya mashine za michezo ya gatini ilipofungwa, wenzake waliagwa kwa saa za ukutani. Yeye aliomba sanduku la baharia. Likabaki palepale gatini, limetiwa kufuli. Norman alizikwa Februari, na ufunguo ukapatikana kwenye koti lake la kanisani.

Hakuna mtu wa Marlsea asiyemjua baharia yule. Sanduku kubwa kama kabati la nguo, juu kioo, na nyuma ya kioo sanamu yenye kofia nyeupe na mashavu mekundu. Unatia peni, anatikisika, anacheka mpaka na wewe unashika mbavu. Wageni wa kiangazi walilowa mvua wiki nzima, wakarudi kwao wakiapa kwamba wamestarehe, kwa ajili yake tu. Miji mingine ya pwani ilikuwa na mabaharia wa aina hiyo, wenye sahani ya santuri tumboni, lakini wao walirudia kicheko kilekile tangu asubuhi hadi jioni. Wetu hakurudia. Tulisema ni chumvi ya bahari imeingia kwenye sindano ya santuri, na tulijivuna nayo.

"Ilikuwa mashine bora," Bwana Pilling alisema. "Ya kudeka kidogo, nakubali. Saa sita mchana lazima ipumzike saa nzima ipoe. Na Norman alipougua mafua, wiki nzima haikutoa sauti."

"Fundi yuko kitandani, nani angeifufua?"

"Ndiyo hiyo. Mtu aliyeipenda kazi yake."

"Usinifundishe alichopenda!" Hilda alikuja juu. "Miaka thelathini na minane nimekaa na mtu yule, sijamwona akicheka hata siku moja. Harusini mjomba wangu alidondokea keki, watu wote hoi, Norman anafuta miwani. Jioni anaingia sauti imemkauka, anaomba chai na asali, analala. Nikimuuliza umeshindaje, 'Salama.' Basi! Kicheko chote cha nyumba yangu amekila huyu hapa."

Akagonga kioo kwa ufunguo. Baharia alimtazama kwa mashavu yake mekundu.

Bwana Pilling alikijua kisa chenyewe, na mji mzima ulikijua. Miaka yote hiyo Hilda aliuza samaki na chipsi kwenye kibanda kinachotazamana na sanduku, hatua kumi na mbili tu. Shakwe akimpokonya samaki, baharia anaangua kicheko. Upepo ukimfunika uso kwa aproni yake mwenyewe, baharia anaangua kicheko. Akigombana na mteja kwa ajili ya siki, ndiyo kabisa. Na hakuna aliyetia peni.

"Mbele za watu, Cuthbert. Nilijiona kituko. Kuna siku nilijificha nyuma ya karai la mafuta nikalia. Nikamwambia Norman, mashine yako inanidhihaki. Unajua alinijibu nini? 'Waya umelegea, nitautazama kesho.' Kila siku kesho."

"Pole, Bi Hilda."

"Pole yako nitaifanyia nini? Mimi nataka kitu kimoja tu. Nataka kumjua aliyecheka kwenye sahani ile. Nikimpata nitamzomea, na kama amekufa nitamfuata huko huko kaburini."

Glenys, fundi wa saa aliyekuja na chama, alisogea karibu. Akatua sanduku lake la vifaa.

"Jina huwa limeandikwa katikati ya sahani," alisema. "Dakika tano tu. Ukishalisoma, lori lichukue kilichobaki."

Hilda alifikiri, kisha akampa ufunguo.

Mlango ulikuwa nyuma, upande wa baharini, umechafuliwa na shakwe kuanzia juu hadi chini. Kufuli ililia, ikakubali. Glenys aliwasha tochi, akaingiza kichwa, kisha mabega. Akakaa humo muda.

"Je?" Bwana Pilling aliuliza. "Sahani inafaa?"

"Sahani haipo."

"Wameiba! Nilijua tu. Watu wa mji huu hawana haya."

"Hata mahali pa kuiweka hapapo," Glenys alisema, akatoka taratibu na kumpisha Hilda.

Ndani mlikuwa na kigoda, chupa ya chai, na kamba mbili za kuvuta, zilizoning'inia kutoka kwenye mikono ya sanamu. Juu ya kigoda palikuwa na mto wa zambarau alioufuma Hilda mwenyewe, ule ambao miaka yote alimsingizia dada yake kwamba aliuiba. Na kwenye ubao wa mbele palikuwa na tundu dogo la kuchungulia, kingo zake zimelainika.

Hilda aliketi kwenye mto, akasogeza jicho. Tundu halikuonyesha watu wa kutia peni. Lilionyesha dirisha la kibanda chake cha chipsi, basi.