Pikani Sitini na Nne

"Umetupa tena! Mara ya saba, Delphine! We mwoga, mwoga, mwoga tangu ukiwa na nepi!"

Royce alicheka hadi chai ya barafu ikamtoka puani. Delphine alisukuma karata zake, mbili na saba, takataka tupu, akamtazama kaka yake kama mtu aliyeona mende kwenye pai.

Na pai kweli ilikuwepo katikati yao, haijaguswa. Jumapili mchana, nje kidogo ya Amarillo, wote wawili bado na nguo za kanisani, wanagombania nyumba ya baba yao kwa karata. Kwa karata, jamani! Na anayegawa ni baba mwenyewe, mzee Alton. Tangu apigwe na kiharusi mwezi wa pili hajatamka neno. Daktari alisema kichwa kimeshakwenda, mikono tu ndiyo inakumbuka. Ukimpa karata anachanganya. Ukimnyang'anya anatazama ukuta.

Kila mmoja alianza na pikani mia, kokwa zilizookotwa chini ya mti wa uani. Zikikuishia, unasaini, unaondoka, nyumba huidai tena.

"Kanuni za nyumba hii," Royce alitangaza mwanzoni, akimwigiza mzee. "Aliyeshinda ndiye anaweka dau la kipofu, kabla hajaona karata. Akishinda tena, anaweka maradufu. Sare ni ya mgawaji. Na anayetaka kulia, akalie nje."

Kwingine wachezaji wawili hupokezana dau hilo. Kwa Alton ilikuwa hivyo, na watoto wake walikua wakidhani dunia nzima inacheza hivyo. Ila Delphine alisoma hesabu chuoni, akaligundua jambo ambalo kaka yake hakuwahi kulishika: kutupa karata hakugharimu kitu. Kila Royce aliposhinda alirudishiwa pikani zake mwenyewe tu, kisha akaweka maradufu. Moja, mbili, nne, nane. Sasa zilikuwa sitini na nne mezani, na bado anacheka.

"Umeshinda mara saba," Delphine alisema. "Mbona una pikani mia zilezile?"

Royce akaacha kucheka.

"Wiki hii wenye sheli ya mafuta wanakuja kupima kiwanja," akasema. "Pampu ya kwanza nitaiweka hapohapo ulipokalisha makalio yako."

"Watakukuta barabarani. Mimi nafungua nyumba ya wageni. Chumba cha baba nakifanya bafu."

Jambo moja tu walikubaliana: kesho asubuhi, ashinde nani asishinde nani, mzee anapelekwa kwenye makao ya wazee Lubbock. Begi lake lilishawekwa mlangoni.

Mzee akachanganya karata, safari hii kwa muda mrefu, kisha akagawa mbilimbili.

Delphine akachungulia. Ree mbili. Moyo paa!

"Zote," akasema, akisukuma pikani zake mia.

"Zote na mimi! Nilikuwa nakusubiri, mjinga we!" Royce akabwaga wafalme wawili.

Mzee akafunua tatu za mezani, za kutumiwa na wote wawili. Ree ya kopa, mfalme wa kopa, kumi ya kopa.

"Wafalme watatu!"

"Ree tatu, Royce! Ree zinakula wafalme! Panda gari lako, potea!"

Ya nne: bibi wa kopa. Delphine alishasimama, anacheza dansi, viatu vya kanisani mkononi. Mzee akafunua ya mwisho.

Ghulamu wa kopa.

Delphine akaketi polepole. Kumi, ghulamu, bibi, mfalme, ree, kopa tupu, zimejipanga mezani. Hakuna karata za kuzishinda, na ni za mezani, kwa hiyo ni zake na za Royce sawasawa.

"Sare," Royce akanong'ona.

Mkono wenye madoa ukapita kati yao, ukazoa pikani mia mbili, taratibu, mpaka ya mwisho. Mzee Alton akavunja moja kiganjani, akaitafuna, akavuta pai upande wake.

"Lile begi mtagawana," akasema. "Jinsi nilivyozipanga karata nitawaeleza kesho. Mtapiga simu."