Mlango wa Bluu

Tunu, fundi cherehani, aliingia kwenye banda la gemu na daftari lake kwapani, akashika pedi ya kuchezea, akampeleka askari wake wa kwenye gemu hadi ukuta wa mwisho wa ngome. Mlango wa bluu, ambao hakuna mchezaji aliyewahi kuufungua, haukuwepo.

"Kibwana! Mlango uko wapi?"

"Gemu ilijisasisha jana, dada," mwenye banda alimjibu. "Wenyewe walioitengeneza wameandika kwamba ule mlango ulikuwa kosa, wameshalirekebisha."

"Kosa?" Tunu alilibwaga daftari mezani. Ndani yake mlikuwa na njia mia tatu na kumi alizojaribu kuufungulia mlango ule. "Miaka sita napiga hodi, wananitazama tu, leo ndiyo waniambie kosa? Hawana adabu! Waseme na wao hawajui kilichomo!"

Wachezaji wengine waliangua kicheko.

Tunu alitoa chaki yake ya kuchorea vitambaa, akaisogelea televisheni, akauchora mlango palepale juu ya kioo. Kisha akaishika tena pedi. Askari akasogea, akainua ngumi, akabisha hodi.

Banda zima, hata waliokuwa wakicheka, likatega masikio.