Kila Mtu Yuko Njiani

"Niko njiani, dada, nimeshafika kwa fundi saa," alisema mdogo wake kwenye simu, na Mama Vioo akajua hapo hapo kwamba anadanganywa.

Nani asiyeijua hiyo "niko njiani"? Mtu yuko bafuni, povu kichwani, anakwambia yuko njiani. Tena nyuma ya sauti ya mdogo wake kulikuwa na muziki na vicheko. Kwa fundi saa kuna vicheko tangu lini? Yule yuko kwenye maduka mapya ya barabara kuu, huko ambako mji mzima umehamia na magari yake.

"Basi usisahau vikombe vya chai ya wageni," alisema, akakata simu.

Alikuwa na haki ya kununa. Mwaka mzima alikuwa akienda na kurudi halmashauri mpaka walinzi wakamzoea, akiomba magari yazuiwe kwenye mtaa wa zamani, japo siku moja tu, watu waukumbuke kwa miguu. Zile benchi kazipaka rangi mwenyewe. Kabisha hodi mlango kwa mlango hadi wenye maduka wakachoka kumfukuza, wakafungua. Na leo ndiyo siku yenyewe. Mhandisi wa halmashauri kaahidi kuja kuona. Akikuta watu, magari yatazuiwa kila wiki. Asipowakuta, basi tena.

Halafu kulikuwa na yule tajiri anayenunua maduka yaliyokufa, akayabomoa, akapanga magari. Watu walimwita Bwana Maegesho. Duka la vioo alilitaka kuliko yote, maana liko mwisho wa mtaa, baada ya kona, na yale ya jirani alishayapata. Mama Vioo, kwa mdomo wake usio na breki, alimwambia mbele za watu: "Siku hiyo ikifika saa sita na hakuna mguu uliovuka kizingiti changu, njoo na karatasi zako. Natia sahihi."

Mdomo uliponza kichwa!

Asubuhi alikuwa amekwenda kuchungulia pale kwenye kona. Alimwona fundi saa peke yake, anapiga miayo. Akarudi dukani na kuapa kwamba hatoki tena. Hawezi kusimama njiani ametumbua macho kama mwenye harusi anayeogopa wageni hawaji. Watakuja wenyewe.

Wapi! Nyuma ya duka mafundi bati waligonga kazi zao kama kila siku, hata ungetaka kusikia hatua za mtu usingesikia. Ndani, kila alikogeuka alikuta watu: yeye, na yeye, na yeye tena, kwenye kila kioo, wote wamenuna.

Akampigia mhandisi.

"Niko njiani, mama, nakaribia!"

Akasubiri weee, akampigia tena.

"Nakaribia, mama, nakaribia!"

"Unatokea wapi, mwezini?"

Mhandisi akacheka, simu ikakatika. Akampigia mdogo wake.

"Bado niko hapa kwa fundi saa, dada, usi..."

"Umeota mizizi?"

Akaizima simu kabisa. Machozi ya hasira yakamtoka. Duka hili kaachiwa na baba yake, pamoja na almasi ya kukatia vioo na maneno yake ya kila siku, kwamba duka la mwisho wa mtaa ndilo linalopata mteja aliyekwisha kuona ya wengine.

"Hakuna mteja, baba," alisema kwa sauti.

Mlango ukafunguliwa. Moyo ukamruka. Kumbe ni Bwana Maegesho, anahema, karatasi kwapani. Akaurudisha mlango nyuma yake mpaka ukashika komeo.

"Vumbi," alisema.

"Wewe huhesabiki," Mama Vioo akamwambia.

"Sijasema nahesabika." Akajifuta jasho. "Jua lote hili, mama, nani atembee kwa miguu?"

Alitamani kumuuliza kama huko chini kaona hata mtu mmoja. Aibu ikamziba mdomo. Akainamisha uso, na kwenye kioo kikubwa kilichoegemezwa ukutani akaiona miguu ya mgeni wake: kiatu cha kulia kinang'aa, cha kushoto kimejaa vumbi. Hata matajiri siku hizi wanavaa mbio mbio, aliwaza.

"Wote wananiambia wako njiani," alisema kwa uchungu. "Mji mzima uko njiani!"

"Ndivyo watu walivyo." Bwana Maegesho akamsogezea kalamu. "Saa sita hii. Au na ahadi yako nayo iko njiani?"

Hilo lilimchoma. Akatia sahihi kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka, akamtupia funguo. Bwana Maegesho akazidaka, akauliza mlango wa nyuma uko wapi, akatokomea kwa mafundi bati.

Mama Vioo akajifuta uso, akachukua ngazi. Lile bango la "Karibuni kwa Miguu" pale kwenye kona atalishusha mwenyewe, asichekwe na kesho. Akapinda kona, akasimama.

Mtaa ulikuwa umejaa pomoni. Hakuna aliyesonga, kwani kila hatua mtu anakutana na mtu waliyepoteana naye siku nyingi, wanashikana mikono, wanavutana kwenye benchi. Mbele ya fundi saa mdogo wake alikuwa amezingirwa na mashangazi, kapu la vikombe mkononi. Karibu naye mhandisi, kabeba mtoto wa watu, akapunga mkono.

"Mama Vioo! Si nilikwambia niko njiani?"

Mpiga rangi viatu alikuwa anamjia, brashi mkononi, macho yanatafuta huku na huku.

"Samahani, mama, hukumwona bwana mmoja? Kamsikia mhandisi akisema anapanda kwako, akakurupuka mbio, na mimi nimeshampiga rangi kiatu kimoja tu."