Nywele Zangu Kichwani kwa Mwanahawa

Siku hizi nywele hazifi zikikatwa. Ukimpa mtu zako akasukia, kichwa chako kinaendelea kuzisikia mpaka zimzoee yeye. Wengi husema huchukua mwezi tu. Zangu nilimpa shoga yangu Mwanahawa, na mwezi umepita bado nazisikia. Akizipaka mafuta, utosi wangu unapoa. Sikumwambia, nisije nikamtia haya.

Leo mchana nakuna nazi, nikasikia anafumuliwa. Vidole vilikuwa vizito, na kimoja kimekakamaa, hakikunjiki. Mume wangu Hamdani ana kidole kama hicho tangu kibanwe na mlango wa gari. Lakini Hamdani yuko Dodoma kikazi. Tena mimi nikimwomba anifumue, hunijibu kwamba hiyo ni kazi ya wanawake.

Nikampigia simu. Vidole vikasimama.

"Mama Sauda, niko kikaoni," akanong'ona. "Nitakupigia baadaye."

"Haya, baba Sauda. Kazi njema."

Akakata. Vidole vikarudi kwenye msuko, taratibu, wala havikuniumiza hata kidogo.