Pete ya Mzizi

Aliondokea fuko mmoja msikivu mno, asiyejua kukataa neno la mtu. Alipotaka kumchumbia Mwanashuri, fuko wa shamba la pili, alimtuma Kunguru awe mshenga wake. Naye Kunguru hupenda kila kinachometa.

"Pete bila almasi ni aibu," alisema Kunguru. "Wataniona mshenga wa makabwela."

Fuko akachimba mwamba miezi mitatu mpaka akaipata almasi. Siku ya posa Kunguru akaitangaza kwa mbwembwe. Mwanashuri akaipapasa kwa pua.

"Ni jiwe baridi," alisema taratibu. "Mawe kama haya nayasukuma kando kila siku."

"Lakini linameremeta, binti!"

"Linameremeta kwa nani, Mzee Kunguru? Huku kwetu ni giza, na macho yetu hayaoni." Akamgeukia Fuko. "Wewe mwenyewe ungeniletea nini?"

Kwapani Fuko alikuwa ameficha kipete cha mzizi wa mchaichai alichokisokota mwenyewe, akaona haya kukionyesha. Sasa akakitoa. Harufu yake ikajaa shimo zima, na Mwanashuri akakivaa pale pale.

Kisha akamshika Fuko mkono, akavipapasa vidole vyake. Kucha za Fuko zilikuwa zimelika zote.

"Sasa nyumba yetu utaichimba kwa kucha zipi?"

Swali lile lilimuuma Fuko kuliko mwamba.

"Basi nitachimba mimi," alisema Mwanashuri, "nawe utasukuma udongo mpaka zikuote. Ila siku nyingine ukitaka kujua nipendacho, niulize mimi."