Sungura wa Msabato

“Wewe ni Msabato?” Mathias aliuliza, hata kabla ya kuitikia shikamoo.

Odilia alikuwa Mkatoliki tangu ubatizo. Alitazama kikapu alichokibeba kutoka Chanzuru, akajibu, “Ndiyo, mzee.”

“Marahaba. Ingia.”

Alikuwa ameonywa njiani. Pale Kimamba, mzee Mathias hampi mtu sungura isipokuwa Msabato, kwa kuwa Wasabato hawali sungura. Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Mvua zilikatika mapema, na watu waliishi kwa unga wa njano wa msaada, ule waliouita Yanga.

Ndani ya kikapu alikuwamo Pamba, sungura wake jike. Dume wake alikufa wiki iliyopita, na tangu hapo Pamba alijibanza pembeni mwa banda, akigusagusa majani bila kuyala. Kila asubuhi jirani yao Mwinshehe alipita kuchungulia.

“Mama, eda ya huyu mjane si aje aimalizie chunguni kwangu? Anakonda bure!”

Alicheka, lakini macho yake yalikuwa yakimpima. Odilia alijua kwamba bila mwenzake, Pamba angekufa kwa majonzi au kwa kisu.

Banda la Mathias lilikuwa na vyumba vingi, vyote vimefagiliwa. Sungura alikuwa mmoja tu, dume wa kijivu. Odilia akasita.

“Wengine wako wapi, mzee?”

“Hawapo.”

“Waliugua?”

“Hapa hajaugua hata mmoja.”

Jibu halikumridhisha. Akamkagua yule dume taratibu: masikio, pua, meno, nyayo, chini ya mkia. Mzima kabisa. Basi banda zima limekwishaje? Au walikuwa wa wizi, mwenyewe akaja kuwachukua? Mathias alisimama mbali, mikono nyuma kama askari. Hakumgusa sungura hata mara moja.

Odilia akamweka Pamba katikati ya ua, na dume hatua chache kutoka kwake. Sungura hawalazimishwi, wakikutana huamua wenyewe. Dume akasogea, akasimama, akasogea tena. Pamba akainamisha kichwa. Dume akaanza kumlamba katikati ya masikio. Punde Pamba akavuta jani la mchicha, akalitafuna lote, akatafuta jingine.

Odilia alitaka kulia. Sasa asingeweza kurudi nyumbani bila dume yule.

“Tule kwanza,” Mathias alisema.

Alileta ugali wa Yanga na bakuli moja la mchuzi. Ndani yake alilala kambare mnene, wa kwenye tope la mto. Odilia hakuwa ameonja samaki tangu Pasaka. Mate yakamjaa kinywani, mkono ukaanza kwenda wenyewe. Hapo akaona kwamba Mathias anautazama mkono huo, si uso wake.

Akamega ugali mtupu. “Samaki asiye na magamba, mzee? Kwetu ni najisi.”

“Hata mchuzi?”

“Hata mchuzi.”

“Na ukiwa na njaa ya siku tatu?”

“Hata nikifa.”

Akaumeza ugali mkavu, huku akiorodhesha moyoni dhambi za kupeleka kitubioni. Mathias akavuta bakuli, akamla yule kambare mpaka kwenye miiba. Kumbe yeye si Msabato. Odilia akazidi kushangaa. Mtu asiye Msabato anawatafutia nini Wasabato?

“Mchukue,” Mathias alisema hatimaye, akimwonyesha dume kwa kidevu. “Mchukue sasa hivi.”

Odilia aliwatia wote wawili kikapuni haraka, asije akabadili nia. Walikaa wamebanana kama watoto kwenye mkeka mmoja.

“Na nikija kwako,” mzee aliendelea, “nikakuomba nimwone japo kidogo, usinifungulie. Hata nikilia.”

“Ah, mzee! Nitakufungiaje mlango wewe uliyemlea? Ninaona jinsi unavyowapenda.”

“Nawapenda sana, mama,” Mathias alisema, akitazama chini. “Wale wengine wote niliwala mwenyewe.”